Acha mdomo, angalia chini ya mkia

Mleta mada, futa hiyo orodha. Usingoje wengine wachangie, futa sasa hivi. Unasema mishigi, hawa ndege wadogo wekunduwekundu, wote uliowaona na mdomo mweusi umewaandika aina ya rubricata, wenye mdomo mwekundu ukawaandika aina ya senegala, na wikiendi hii unaituma kwa wanaochora ramani ya ndege. Nimefika hapo tumbo likanikata. Njia hiyo nimeipita, najua inakotokea.

Mimi nilifundishwa na jamaa aliyekuwa akituongoza matembezini. Kizibao cha mifuko kila pembe, sauti ya mtu asiyekosea. "Mdomo mwekundu senegala, mdomo mweusi rubricata, twendeni." Dada mmoja akauliza, je, makinda? Akajibiwa makinda hawaonekani ovyo. Hawaonekani! Senegala anazaliana ndani ya kuta za watu, makinda wake wanarukaruka mlangoni, na kinda wa senegala hutoka kiotani na mdomo mweusi. Huo wekundu anaupata baadaye. Yaani kanuni yote ya yule bwana inaanguka mbele ya ndege mmoja wa kawaida kuliko wote. Hata kikaratasi chake cha picha kilichorwa madume wazima tu, tena wa ubavuni, na huko ubavuni ndiko usikoona kitu cha maana.

Basi nikaanza kuandika rubricata kila mahali. Uani rubricata, kituoni rubricata, nyuma ya choo rubricata. Mhakiki, yule anayekagua taarifa za ramani, akaniandikia kwa upole kwamba idadi hii inamshangaza. Nikamjibu waraka mrefu wenye vichwa vya habari, nikamkumbusha kwamba mimi niko uwanjani na yeye yuko kwenye kompyuta. Mungu anisamehe. Akatokea mtu aliyesafiri toka mbali kwa sababu ya taarifa zangu, hajawahi kumwona rubricata. Nikampeleka kifua mbele. "Yule pale, mdomo mweusi." Tukatulia na darubini zetu. Akashuka dume la senegala, mdomo mwekundu kama pilipili, pete ya njano imezunguka jicho, vidoa vyeupe ubavuni, akamwendea "rubricata" wangu na kumlisha mbegu mdomoni. Mgeni akashusha darubini, akaniangalia. Nikasema wanyama wana upendo sana siku hizi. Hakucheka.

Lakini aibu hiyo si hasara, aibu inaisha. Hasara ilikuja niliporudi kwenye daftari kusahihisha. Najua kabisa kwamba baadhi ya wale ndege walikuwa rubricata wa kweli, hasa wale wa vichaka vizito kando ya mto. Nitawatofautishaje na makinda? Kila mstari niliandika "mdomo mweusi" na hakuna kingine. Sikuandika rangi ya chini ya mkia, wala mgongo, wala kama palikuwa na mzazi karibu. Nikafuta wote, wa kweli na wa uongo pamoja. Kumbukumbu za muda mrefu zimekufa kwa sababu niliandika kitu kimoja, tena kile kisichofaa. Wewe ukituma orodha yako leo unaelekea hukohuko, na ndiyo maana sikubembelezi.

Sasa shika hili moja: chini ya mkia. Yale manyoya yaliyo kati ya tumbo na mkia wenyewe. Senegala mzima hapo ni kahawia iliyofifia. Rubricata mzima hapo ni mweusi, dume na jike. Rhodopareia, aina ya tatu ya mshigi, naye hapo ni mweusi, na huyo naona hukumtaja kabisa. Hawa wote ni ndege wa sentimita 10 hivi, wanakula mbegu chini, wakiruka mbele yako wanakuonyesha nyuma yao bila kuombwa. Mdomo unakudanganya hata kwa ndege mzima: wa senegala una mstari wa giza juu yake, ukimwona kutoka juu au jua likiwa nyuma yake unaapa ni mweusi. Na ule wa rubricata hata si mweusi, ni wa buluu iliyochanganyika na kijivu.

Ukishaona weusi pale chini, ndipo uanze kugombana kati ya rubricata na rhodopareia. Mgongo wa rubricata ni kahawia tupu, wa rhodopareia una wekundu wa waridi uliopakwa juu yake. Utosi usiutegemee sana, kuna rubricata wa kusini, Zimbabwe kwa mfano, wenye wekundu hadi kichwani. Mwenye ndege mkononi kwenye utafiti wa nyavu anaangalia umbo la unyoya mmoja wa bawa, sisi wa darubini hilo tuwaachie wao.

Ukisikia fumbwe mweusi, ndege mwingine mdogo, anaimba juu ya mti, simama usikilize. Fumbwe hutaga katika viota vya mishigi, na dume hukua akiiga wimbo wa waliomlea. Jürgen Nicolai aliliandika hilo mwaka 1964. Fumbwe wana aina zao: chalybeata anaiga senegala, funerea anaiga rubricata, purpurascens anaiga rhodopareia. Kwa hiyo fumbwe anakupa fununu ya mshigi gani anaishi pale. Fununu tu, usije ukaandika mshigi uliyemsikia kwa fumbwe, tutaonana tena hapa.

Na kinda? Kinda usimpe jina peke yake. Kaa hapo hadi mzazi aje, halafu mwangalie mzazi chini ya mkia. Tena hakikisha anayelishwa ni mshigi kweli, maana senegala huyohuyo anaweza kuwa analisha kinda wa fumbwe. Wa mshigi ana wekundu juu ya mkia, wa fumbwe hana. Mzazi asipotokea, andika "mshigi, hajulikani". Mhakiki hatakucheka, mimi ndiye niliyechekwa kwa kujua kila kitu.

Zile picha sita ulizoweka juu zote ni za ubavuni na kifuani. Ile ya tatu nina wasiwasi nayo sana, manyoya yamelegea kama ya kinda. Kama una nyingine ambazo ndege anaondoka au ameinama kula, hata kama ni mbovu na ulitaka kuzitupa, ziweke hapa kabla ya Jumamosi.