Nimerithi databesi haina ramani, nianzie wapi?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nimeingia kazini mwezi uliopita nikakabidhiwa mfumo ambao jamaa aliyeutengeneza alishaondoka zamani, hamna hata karatasi moja ya maelezo, databesi ni MySQL ina tebo kama 140 hivi. Bosi anataka mchoro wa modeli kwa sababu tunahamia mfumo mpya. Nikafungua MySQL Workbench, nikaenda Reverse Engineer (inayochora mchoro kutoka kwenye databesi iliyopo), nikabonyeza mpaka mwisho, kilichotoka ni maboksi 140 yamekaa tu hayana mstari hata mmoja! Nimekosea wapi au programu ndo mbovu?

JIBU: Pole ndugu yangu, hujakosea popote, na programu haina shida. Workbench inasoma kile databesi yenyewe ilichoandikiwa, yaani tebo, kolamu na funguo zilizomo kwenye information_schema (sehemu MySQL inapoweka maelezo ya databesi), afu mistari inachora kutokana na funguo za kigeni, yaani kanuni zinazosema kolamu ya tebo hii inaelekeza kwenye tebo ile. Kama hazimo hakuna cha kuchora, na hata ukihamia programu nyingine kama DBeaver utaona maboksi yale yale.

Ila usimlaumu jamaa kwanza. Kabla ya toleo la 5.5 lililotoka 2010, MySQL ilikuwa inatengeneza tebo kwa injini (sehemu inayohifadhi data) ya MyISAM usipoitajia nyingine, na MyISAM ukiiandikia ufunguo wa kigeni inaupokea kimya kimya afu inautupa. Inawezekana aliandika zote vizuri zikapotelea hapo. Andika SHOW TABLE STATUS, soma kolamu ya Engine utajua.

Mahusiano yapo, ila yanaishi kwenye kodi za programu na kwenye data yenyewe. Chukua bekapu uirudishe kwenye mashine nyingine, kwenye databesi inayofanya kazi usiguse kitu tafadhali. Afu anza na kodi: tafuta neno JOIN, amri inayounganisha tebo mbili, kila mahali, kwenye view (kweri zilizohifadhiwa), kwenye procedure (programu ndogo ndani ya databesi), kwenye logi ya kweri, yaani kumbukumbu ya maswali yaliyoulizwa databesi, kama ipo. Ukikuta ON mauzo.mt_no = wateja.namba, huo ni mstari wako mmoja, na hakuna programu ya kuchora ambayo ingeuotea kwa sababu majina hayafanani hata kidogo.

Kisha hakikisha kwenye data. Fanya LEFT JOIN (inabakiza mauzo yote hata yasiyopata mteja) kutoka mauzo kwenda wateja, baki na zile ambazo wateja.namba IS NULL, yaani ni tupu, hao ndo mayatima: mauzo yasiyo na mteja. Wakiwa sifuri ni dalili nzuri lakini usikimbilie kuchora, maana kolamu yenye namba 1 mpaka 5 tu italingana na karibu kila tebo inayojihesabu yenyewe kuanzia 1! Kolamu ya "aina" inaweza kukudanganya kwamba ina uhusiano na tebo 30. Ndo maana nasema kodi kwanza, data baadaye.

Na mayatima wakiwepo usiufute mstari, wasome. Mfumo mmoja niliourithi mimi, mauzo kibao yalikosa mteja, nikataka kuandika kwamba data imeharibika, kuangalia vizuri karibu yote yana mt_no 0. Nikamuuliza dada wa kaunta, akajibu hapo hapo: huyo ni mteja asiye na akaunti, analipa taslimu anaondoka. Kwa hiyo uhusiano ulikuwa wa kweli, ila wa hiari, yaani mauzo yanaweza kuwa na mteja au yasiwe naye. Jambo hilo halikuandikwa popote kwenye databesi, lilikuwa kichwani mwa dada. Mtaalamu wa kompyuta Peter Chen alipoeleza modeli ya aina hii mwaka 1976 alianzia kwenye vitu na mahusiano yake duniani, tebo zikafuata, sasa wewe unatembea njia hiyo kinyumenyume na ukiishia kwenye tebo hujafika. Kaa na watu wanaoutumia mfumo, ukikuta kolamu ya hali yenye namba kama 0, 1, 2 na 9 waulize kila moja maana yake nini, waulize kitu chenyewe wao wanakiitaje, na jina hilo ndo uliandike kwenye boksi.

Tebo 140 usizichore zote. Zenye _bak, _tmp, _old na zisizotajwa na kodi yoyote ziweke pembeni, anza na kumi au kumi na tano ambazo kila kitu kinazirudia.

Ukishaamini mistari yako, kwenye ile nakala geuza tebo kuwa InnoDB, injini inayotunza funguo za kigeni, kama nawe una 0 kama zile za mteja wa taslimu zifanye NULL, ongeza funguo za kigeni kwa ALTER TABLE (amri ya kubadili tebo), kisha bonyeza tena Reverse Engineer na safari hii mistari itatoka. Ufunguo ukikataliwa kuna yatima hujamuona, na kama hayupo linganisha aina za kolamu, INT na INT UNSIGNED hazishikani.