Babu Mwingereza, utampataje

Dada, kama unachojua ni kwamba babu mzaa babu alikuwa bwana shauri, yaani ofisa wa wilaya wa mkoloni, Tanganyika miaka ya 30 na jina la ukoo basi, usikate tamaa. Serikali ya mkoloni ilipenda karatasi jamani. Tafuta kwanza kitabu cha Colonial Office List, kilitoka kila mwaka na maofisa wengi wamo, ameajiriwa lini, kahamishiwa wapi. Halafu nenda kwenye orodha za abiria wa meli, ziko National Archives, nyaraka za taifa za Uingereza, pale Kew, London, wanaotoka Uingereza ni 1890 hadi 1960, na mafaili yanaitwa BT 27, hapo unakuta umri, kazi, anwani ya kwao na mke na watoto kama walisafiri pamoja. Mimi ndo napapenda hapo, unaona familia nzima imeandikwa pamoja. Wasia pia usisahau, rejista yao inaanzia 1858 na mara nyingi inaonyesha amefia wapi na nani kakabidhiwa kusimamia mali. Ila watoto aliozaa huku na mama zetu mara nyingi hawamo humo, kwa hiyo kaa na bibi ukiwa na simu, mrekodi mapema.