Kabla ya kununua kisoma vitabu, fungua kwanza folda lako

Kisoma vitabu changu cha kwanza, yaani kifaa cha skrini cha kusomea vitabu vya kielektroniki, nilikichagua kwa bei na betri. Kilikuwa cha inchi 6, chepesi kama daftari, na boksi lilisema kinasoma PDF. Nikaridhika, maana PDF nilikuwa nazo tele: vitabu vya chuo vya kurithishana kwa flashi, kurasa za A4 zilizoskaniwa, nyingine zimelala upande.

Kweli, kilizifungua. Ila herufi zilikuwa kama punje za ulezi. Nikizikuza, mstari unatoka nje ya skrini. Nasukuma kulia, narudi kushoto, nikifika mwisho wa aya nimeshasahau ilianzaje. Wiki ya pili nikarudi kwenye kompyuta, na kifaa kikabaki droo moja na chaja mbovu.

Kosa lilikuwa langu. PDF hushika ukurasa kama ulivyochapwa, kila herufi na mahali pake. EPUB ni maandishi yanayotiririka, kama tovuti ndogo iliyofungwa kwenye zip: ukikuza herufi, mistari inajipanga upya. Kwa skrini ndogo tafuta EPUB. Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, kwa mfano, wanazitoa bure.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue Kindle au Kobo, aina mbili za visoma vitabu, nami namuuliza ana mafaili gani. Kwa Kobo au PocketBook, aina nyingine, unachomeka kebo ya USB, unahamisha EPUB, unasoma. Kindle haifungui EPUB iliyoingizwa kwa kebo. Unaituma kupitia Send to Kindle, huduma ya Amazon ambayo tangu 2022 inapokea EPUB na kuigeuza yenyewe. Si kazi kubwa, ila inataka akaunti na bando. Na vitabu vya kununua vingi vina kufuli la kidijitali: ulichonunua duka la Kindle usitegemee kukihamishia Kobo, wala cha Kobo kukipeleka Kindle.

Mafaili yasiyo na kufuli nayageuza kwa Calibre, programu ya bure ya kompyuta. EPUB kwenda AZW3, aina ya faili ya Kindle, ni suala la dakika. PDF ndiyo inayoisumbua: namba za kurasa zinaishia katikati ya sentensi, safu mbili zinachanganyika. Zile za skani ndiyo kabisa, ni picha tupu, hadi uzipitishe kwanza kwenye programu ya kutambua maandishi.

Siku hizi riwaya nazisoma kwenye kifaa cha inchi 6 kinachokubali EPUB, na PDF za A4 nimeziachia kishikwambi cha inchi 10. Macho yanachoka kwa mwanga wa skrini yake, sikatai, lakini visoma vitabu vya ukubwa huo bei yake bado inanishinda.

Ukienda dukani, usikipime kifaa kwa kitabu cha mfano walichokiweka wao. Nenda na faili lako baya kuliko yote, muombe muuzaji aliingize, kisha soma kurasa tatu hapohapo kaunta.