Suti ya baridi ijaribu majini kabla hujaiamini

"Kaka, nimeokota suti ya mpira pale Mwanjelwa, bei ya kutupa. Itanifaa kwa kayaki Mufindi mwezi wa saba?" Dada mmoja wa Mbeya kaniandikia hivyo wiki hii. Nami namuuliza: umeshaingia nayo majini?

Wengi wetu kayaki, kile kimtumbwi chembamba cha kupiga kasia, tulijifunzia Matema. Pale Ziwa Nyasa maji ni vuguvugu. Ukipinduka unacheka, unapanda tena. Huku juu kwenye mabwawa ya mashamba ya chai ni habari nyingine. Kuanzia mwezi wa sita, wakati Makete wanaamka na sakitu kwenye majani, maji ya Mufindi yanauma kama siafu. Na jua la saa sita linadanganya sana: unavaa kufuata hewa, unasahau kwamba maji hunyang'anya mwili joto takriban mara 25 kwa kasi kuliko hewa.

Kinachotangulia kukuumbua ni pumzi. Ukitumbukia ghafla kwenye baridi unavuta hewa kwa nguvu, utake usitake, na kichwa kikiwa chini unavuta maji. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, hufundisha hesabu ya 1-10-1 kwa maji ya barafu: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono bado inakutii, saa 1 kabla ya kupoteza fahamu. Kwetu hakuna barafu, muda ni mrefu kidogo, lakini mpangilio ni uleule.

Suti yangu nilinunua kwa mtu wa Dar, ile isiyoingiza maji kabisa, yenye mpira unaobana shingoni na kwenye vifundo vya mikono. Aliniapia kwamba ni nzima. Siku tuliyopanga kutoka na wenzangu wa Mafinga, nikawaambia mimi naanzia kwenye kina cha kifua. Wakaangua kicheko. "Mzee baba, unaogopa bwawa?" Sikuwajibu. Ndani nilivaa fulana ya kijivu ya pamba, kwa jaribio tu, maana kijivu kikilowa kinaonekana. Kwa safari yenyewe pamba haifai, ikilowa haitunzi joto. Nikachuchumaa mpaka maji yakafika mabegani, nikaupanua mpira wa shingo kidogo hewa itoke, kisha nikalala chali na kujigeuza.

Haukupita muda, uzi wa baridi ukashuka mgongoni. Nilipovua, fulana ilikuwa na doa kutoka kwenye ukosi hadi kiunoni. Mpira wa shingo ulikuwa na ufa ambao huuoni mpaka uuvute kwa vidole viwili. Kicheko kikaisha palepale. Muuzaji hapokei simu zangu hadi leo, na hela ile bado inaniuma, lakini wazia ningeugundua ufa huo katikati ya bwawa.

Dada, suti yako ya mpira ni ya aina nyingine. Huingiza maji kidogo, mwili ukayapasha, yakakaa. Ikipwaya, kila unapozungusha kasia maji mapya ya baridi yanaingia. Kwa hiyo ingia nayo majini, piga kasia ukiwa umesimama, inama, nyoosha mabega. Jaketi okozi nalo ujaribu: mwenzako alishike mabegani alivute juu, likikupanda masikioni, kaza mikanda au tafuta jingine. Kaa mpaka vidole vianze kuwa vizito, halafu jaribu kufunga zipu, kushika filimbi, kupanda kayaki. Vikigoma hapo karibu na ukingo, huko mbali usitegemee muujiza.

Vijana, tupunguze haraka ya kupiga picha. Watu wanakopa hela ya kayaki, wanapaka rangi, wanaipa na jina, halafu suti wanaijaribu siku ya kuzama. Ingieni majini kwanza! Nimesema mara ngapi? Na mtihani huo usifanye peke yako. Lazima mtu awe ukingoni na kamba, macho kwako, simu mfukoni. Mimi kamba yangu sasa anashika yuleyule aliyeniita mwoga, na huwa anawahi kufika bwawani kabla yangu.