Jibu: Nitoe GTX 1660 Super niweke RTX 5070?

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: uko Uyole, una kadi ya picha (ile inayochora gemu kwenye skrini) aina ya GTX 1660 Super na pawa saplai ya wati 500, unauliza kama kadi mpya ya RTX 5070 itakaa bila kuongeza kitu kingine.

Kabla hujatoa hela, fungua ubavu wa kesi usome kibandiko cha pawa saplai. Ile namba kubwa iache, tafuta mstari wa 12V (volti 12), ndio unaolisha kadi. Mimi niliwahi kuuziwa moja imeandikwa 600W, kumbe kwenye 12V ni ampia 25 tu. Zidisha mwenyewe, volti 12 mara ampia 25: wati 300. Gemu likianza kunoga, kompyuta inazima pu! Wiki mbili nzima nikailaumu kadi ya watu.

Kadi yako ya sasa inakula wati 125, 5070 inakula 250, na Nvidia wenyewe, wenye kadi hizi, wanataka pawa saplai ya wati 650. Kwa hiyo hiyo ya 500 haifai. Ukicheza saa nne kila siku, nyongeza ni nusu uniti, kama 15 kwa mwezi. Kama LUKU yenu iko kwenye ile tarifu nafuu ya uniti 75 kwa mwezi, piga hesabu mapema maana mnaweza kuvuka.

Joto lisikutishe, Julai ya Mbeya utaota moto hapo hapo kwenye kesi.

Ila monita ikiwa ni 1080p (ukali wa picha wa kawaida) ya hezi 60, yaani inaonyesha picha 60 tu kwa sekunde hata kadi iwe na nguvu vipi, ningekuwa wewe nisingebadilisha kadi sasa. Ningeanza na pawa saplai nzuri, kisha monita.