Usimkatishe maziwa ndama anayeharisha

Ndugu yangu, nimekuelewa: ndama jike wa siku saba anaharisha, jirani kakwambia umkatishe maziwa, tena anamwita mtamba.

Maziwa usikatishe. Mimi niliwahi kukatisha, ndama akafa siku ya tatu kwa kukosa nguvu. Endelea na kiasi chake, kama lita 4 kwa siku kwa ndama wa kilo 40, ukizigawa mara tatu. Kinachoua hasa ni kupungukiwa maji. Basi kati ya mlo na mlo mpe lita 1 hadi 2 za maji vuguvugu yaliyochemshwa. Kila lita itie glukosi vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko. Sukari ya chai usitumie, tumbo la ndama mchanga haliimeng'enyi na kuhara huzidi. Mtenge na wenzake, alale pakavu.

Macho yakididimia, akishindwa kusimama au kinyesi kikiwa na damu, mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo. Antibiotiki za kubahatisha acha kabisa.

Na huyo bado ni ndama. Mtamba ni jike aliyekwisha kuachishwa maziwa ila hajazaa. Dume akikomaa ni fahali, akihasiwa, maksai.