Kabla ya kusema baridi imempunguza panzi, pima paja lake

Huu ni msimu wa nne napima panzi kwenye miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, mimi na wanafunzi wa klabu yetu ya sayansi. Walimu wenzangu na vijana wa chuo huniuliza waanzie wapi. Nawaandikia kwa sababu msimu wetu wa kwanza wote uliharibika, na sitaki wa kwenu uharibike vilevile.

Tulikamata panzi Kahe, kwenye nyasi za tambarare chini ya mita 1,000, kisha tukapanda hadi kingo za mashamba juu ya Marangu. Tukawapima kwa rula, kutoka kichwani hadi ncha ya tumbo. Wa juu walikuwa wafupi, na wengi wao mbawa zilikuwa vijipande tu. Tukachora grafu, tukaibandika ukutani: baridi hufupisha panzi na mbawa zake. Baadaye alitutembelea mtu aliyezoea kazi ya wadudu. Akamchukua mmoja, akamgeuza ubavu kwenye mwanga wa dirisha, akauliza, "Mwalimu, huyu amekwisha kukua?"

Hakuwa amekua. Zaidi ya nusu ya panzi wetu wa juu walikuwa tunutu, yaani panzi watoto. Panzi hujivua ngozi mara tano au sita, na akishakuwa mzima haongezeki tena. Sisi tulidhani tunapima mlima, kumbe tulikuwa tunapima umri.

Basi jifunzeni kutazama mbawa kwanza. Tunutu aliyekaribia kukomaa, vichipukizi vya mbawa za nyuma hukaa juu na kufunika vya mbele. Kwa panzi mzima, hata mbawa zikiwa ndogo kama ukucha, bawa la mbele ndilo lililo juu. Ni jambo la kuona kwa lenzi ya mkononi, sekunde chache tu. Na msidhani kila mwenye mbawa fupi ni mtoto. Yule panzi wa rangirangi anayenuka, anayetafuna majani ya mihogo, wazima wake wengine wana mbawa fupi na wengine ndefu, na spishi ni hiyohiyo moja.

Halafu acheni urefu wa mwili mzima. Jike akijaa mayai tumbo hurefuka, akitaga husinyaa, akikaushwa hujikunja. Paja la mguu wa nyuma ni gumu na halibadiliki. Lipimeni kwa kalipa, kile kipimo chenye taya mbili za kubana kitu, upande wa nje, kutoka linaposhikana na mwili hadi gotini. Shikeni mapaja yote mawili kwa pamoja, maana panzi akishikwa mguu mmoja huuacha mkononi mwako akaenda zake. Sisi huwaweka kwanza kwenye kopo ndani ya deli lenye barafu kwa dakika chache, wakapoa, tukawapima na kuwaachia palepale. Majike na madume andikeni mbali, kwa sababu jike ni mkubwa kuliko dume karibu kila mahali. Mkichanganya, grafu itawaonyesha jinsia nanyi mtaisoma kama hali ya hewa.

Sasa gawanyeni urefu wa bawa la mbele kwa urefu wa paja. Uwiano huo ndio unaosema umbo, maana panzi mdogo na mkubwa wenye umbo moja watatoa namba zinazokaribiana. Wataalamu wa nzige wa jangwani wameutegemea kwa miaka mingi. Nzige aliyekulia peke yake ana paja refu na kichwa chembamba. Aliyekulia katika msongamano ana bawa refu zaidi kwa paja lake, na kichwa kipana. Boris Uvarov, mtaalamu wa wadudu, alionyesha mwaka 1921 kwamba nzige wawili waliohesabiwa kuwa spishi mbili walikuwa spishi moja yenye sura mbili. Hata hapo hali ya hewa imo, ila inapita njia ndefu: mvua za vimbunga vya 2018 katika jangwa la Arabuni ziliotesha majani, nzige wakazaana na kusongamana, na mwishoni mwa Desemba 2019 makundi yakaingia Kenya.

Kuhusu baridi yenyewe, naomba msinakili maelezo ya vitabu vya Ulaya bila kufikiri. Kule milimani msimu ni mfupi. Panzi ana wiki chache za kukomaa kabla ya barafu, kwa hiyo huwahi kukomaa akiwa mdogo. Kilimanjaro hakuna majira hayo. Joto hupungua nyuzi 6 hivi kila mita 1,000, na kinachomnyima panzi jua ni ukungu wa mchana, naye hana joto la mwilini la kujitegemea kama ng'ombe. Kwa hiyo kila mnapopima andikeni mwinuko, saa, joto la ardhini na kama kulikuwa na ukungu.

Mbawa za milimani zina hadithi yake. Panzi wa nyika hufuata majani mvua inapohama. Wa mlimani majani anayo karibu mwaka mzima, na misuli ya kuendesha mbawa hula chakula kingi. Jenasi ya Parasphena, yaani kundi la spishi za panzi zilizo ndugu, haina uwezo wa kuruka kwa mbawa kabisa, na milima mbalimbali ya Afrika Mashariki ina spishi zake. Ile ya Meru ilipewa jina la mlima wake na Yngve Sjöstedt, Msweden aliyekusanya wadudu Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906. Mdudu asiyeweza kuvuka bonde la joto hubaki na mlima wake.

Ndani ya hifadhi msikamate chochote bila kibali. Kingo za mashamba zinatosha kuanzia, mkimwomba mwenye shamba. Sisi Jumamosi hii tunaanzia Himo saa moja asubuhi, umande ukiwa bado kwenye nyasi na panzi hawajapata joto la kuruka mbali.